Mchicha wa Bi Mkubwa katika Ardhi ya Ugeni



Natanguliza shukrani zangu kwa kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Nilipopigiwa simu na kuambiwa nizungumze juu ya bustani, nilidhani natiwa mzahani, kwani wengi wenu mnayajua yaliyonifika mwaka 2024, na wasioyajua bila ya shaka wamekwisha kusimuliwa jana usiku wakati wa chakula. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mmoja wetu, popote alipo, ana kasufuria, pipa au kipande cha ardhi anachohangaika nacho, na tumekuwa tukipeana habari hizo kwa simu vipande vipande. Sababu ya pili nitaitaja nitakapoifikia.

Kwa faida ya vijana, nieleze kwanza konde langu ni kitu gani. Hapa Uingereza iko sheria ya mwaka 1908 inayoyawajibisha mabaraza ya miji kuwapatia wakaazi ardhi ya kulima mboga kwa kodi ndogo, pale wanapoihitaji. Konde kamili hupimwa kwa kipimo cha kale na hufikia kiasi cha mita 250 za mraba. Langu mimi ni nusu yake. Nililipata baada ya kungoja miaka minne katika orodha, na siku niliyokabidhiwa ufunguo wa lango nilikuta miiba mirefu kunishinda kimo, kigodoro kilichooza, na viatu vya mpira vya mguu mmoja.

Sisi tuliozaliwa Unguja tumezoea kuyajua majira kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, vuli. Mtu akishika jembe anajua kipi kinakuja. Huku kiangazi ni jina tu. Pengine huja mwezi wa Mei kikaondoka Juni, na pengine hakiji kabisa. Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulifahamu, hata hivyo, ni urefu wa mchana, ambao umenitesa kuliko baridi. Kwetu mchana haupungui wala hauzidi saa 12 ila kwa kiasi cha nusu saa. Kusini mwa Uingereza, mwezi wa Juni, mchana hufika saa 16 na nusu. Mmea hauna saa ya mkononi, lakini huhesabu giza la usiku, na mimea yetu mingi haitoi maua mpaka usiku uwe mrefu.

Haya niliyajua kwa njia ya mbaazi. Mwaka wa kwanza nilipanda safu mbili, nikawaahidi jamaa mbaazi za nazi na mahamri ifikapo Septemba. Ikamea, ikanawiri, ikafika kifuani. Majirani walikuwa wakisimama kuitazama. Ikafika Septemba, hakuna hata ua moja. Mwezi wa Oktoba, mchana ulipokwisha kufupika, ndipo nilipoona vitumba vya manjano, nikafurahi kama mtoto, na baada ya siku kumi jalidi ikaanguka usiku mmoja na asubuhi nikakuta miti yote imesinyaa, myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mbaazi za mwaka ule zilitoka katika kopo, na naliungama hilo leo, kwani wapo waliokula wakazisifu.

Bamia ni habari nyengine. Yataka joto tu, na joto ndilo tunalolikosa. Miaka yote niliyopanda nje ilinipa majani na matumaini, isipokuwa mwaka 2022. Mtakumbuka kwamba tarehe 19 Julai mwaka ule joto lilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby katika jimbo la Lincolnshire, na ilikuwa mara ya kwanza nchi hii kuvuka nyuzi 40. Wenyeji walikuwa wakilala na taulo za maji kichwani. Mimi nilikuwa kondeni nikichuma bamia. Nilichuma za kutosha kuwagawia nyumba tatu. Mwezi wa Agosti ikaja amri ya kukataza mipira ya maji katika sehemu nyingi, ikawa kila jioni nachukua maji kwa ndoo za kunyunyizia kutoka bombani, safari ishirini kwenda na kurudi, kwa mgongo huu mnaoujua. Hata hivyo nilipiga picha, nikaituma kwa kila mmoja wenu, na maneno niliyoyaandika chini yake yalikuwa ya majivuno. Mwaka uliofuata, kwa mvua zile za Julai, sikupata bamia hata moja, wala sikutuma picha.

Mvua hizo za 2023 ndizo zilizoniletea baka katika nyanya. Naomba mliopo Uingereza mnisikilize vizuri hapa. Baka hili ni lile lile lililoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa watu wapatao milioni moja. Viazi na nyanya ni wa ukoo mmoja, na ugonjwa huruka kwa upepo kutoka konde hadi konde pale kunapokuwa na ujoto pamoja na majimaji ya siku mbili mfululizo. Jumatatu niliona madoa ya hudhurungi katika majani mawili. Jumapili niling'oa miche yote 24. Tangu hapo nyanya zangu nazipanda ndani ya banda la kioo, majani yasipate mvua, na zile chache za nje nachagua aina inayostahimili, kama ile iitwayo Crimson Crush. Wala msizimwagie maji majanini. Mwagieni shinani, tena asubuhi.

Ndugu zetu wa nchi nyengine hawakuwa na mkasa huu, lakini wana yao. Dada yangu wa Muscat hucheka kila akisikia neno bustani ya kiangazi, kwani kwao kiangazi ndicho kipindi cha kufunga milango. Yeye hupanda Oktoba, akala mboga zake mpaka Aprili, kisha hulitandaza pazia la kivuli juu ya mapipa na kungoja. Mjomba aliyeko Salalah ana bahati kutushinda sote, kwani ule ukungu wa khareef unaoanza Juni huifanya ardhi kuwa kijani, na minazi, migomba na mipapai humea pale kama iliyoko Bububu. Na mpwa wangu wa Columbus, Ohio, anapata joto la kutosha kuzaa bamia kila mwaka. Adui yake ni paa na sungura wanaoingia usiku, na amejenga ua mrefu kuliko nyumba yake.

Sasa nifike kwenye mchicha, na kwenye sababu ile ya pili.

Mama yetu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alipokuja nchi hii mwaka 1974 alikuja na mbegu za mchicha ndani ya kibiriti. Sisemi mfanye hivyo leo, kwani kuna nchi nyingi sasa zinazotaka cheti cha afya ya mimea kwa kitu kama hicho. Ulikuwa ule mchicha wa nyuma ya nyumba yetu, wenye majani mapana na mshipa mwekundu kati. Aliupanda katika sufuria, akaupanda nyuma ya nyumba ya kupanga, na alipozeeka akanikabidhi mimi. Kanuni yake ilikuwa moja tu, na aliirudia mpaka ikatuchosha: mbegu hazipandwi zote, nusu hurudi koponi.

Katika kiangazi cha 2015 nilimpa marehemu mdogo wangu kijiko kimoja cha mbegu hizo. Yeye, kama mjuavyo, hakuwa na konde. Alikuwa akiishi Cardiff, orofani, na bustani yake ilikuwa mapipa matatu ya plastiki kibarazani. Katika mkutano wetu uliofuata, mbele ya watu, nilimuuliza kama mchicha wake unatosha kulisha hata ndege mmoja. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini baada ya siku ile hakunizungumzia tena habari za bustani, na mimi sikumuuliza. Alifariki mwaka 2021.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, mchicha huu ulinusurika kwa njia ya ajabu kidogo. Nilipokea barua kutoka ofisi inayosimamia makonde yetu, ikisema kwamba nusu ya ardhi yangu imeachwa imejaa magugu, na nisipoyaondoa kwa muda wa siku 28 nitanyang'anywa. Magugu yenyewe yalikuwa mchicha. Kwa haki yao niseme kwamba jamaa zake wa mwituni humea hapa pembezoni mwa mashamba, na wakulima huwang'oa. Nilijibu kwa barua, nikaandika jina la mmea kwa Kilatini, Amaranthus, nikamwalika mkaguzi aje. Alikuja na kalamu. Nikamwonesha mistari iliyonyooka, nikamletea na kibakuli cha mchicha wa nazi. Hakuula, alisema amekwisha kula. Lakini alitia saini.

Basi ukaja mwaka 2024. Masika ilikuwa na mvua nyingi, Juni ikawa ya baridi, na makoa yakatoka. Nasema koa nikikusudia yule konokono asiye na gamba. Vidonge vya sumu vya zamani vilipigwa marufuku kutumiwa nje tangu mwisho wa Machi 2022, na ni vyema, kwani vilikuwa vikiua ndege na nungunungu wadogo. Jirani yangu huyatega makoa kwa kibakuli cha pombe. Hilo nimemwachia yeye. Mimi nilipanda miche 40 mwishoni mwa Mei, na baada ya usiku mbili nilikuta vijiti. Nikapanda tena. Ikaliwa tena. Kwa hasira, na kwa kutotaka kushindwa, mara ya tatu nilimimina kopo lote. Miche minane tu ndiyo iliyopona, ikachelewa, na masuke yake yalikuwa bado mabichi jalidi ilipoanguka. Nilisugua yale masuke mkononi, nikapuliza, kikaruka kila kitu. Hapakuwa na punje.

Miaka 50 kamili tangu kile kibiriti, na mimi ndiye niliyekimaliza.

Sikumwambia mtu kwa wiki kadhaa. Nilimpigia simu dada wa Muscat kwanza, akaniambia mchicha wake ulikwisha zamani alipohama nyumba. Ohio hawakuwa nao. Ndipo mke wangu akaniuliza, kwa nini hujamuuliza shemeji wa Cardiff. Nilijua kwa nini.

Shemeji yangu yuko pale, safu ya pili, na ameniruhusu kulisema hili. Nilipompigia hakunilaumu. Alisema ngoja, akaweka simu chini, nikasikia milango ya kabati. Kisha akanisomea maandishi ya kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya chupa, katikati ya iliki na mdalasini: "Mchicha wa Bi Mkubwa, 2020, nusu." Mdogo wangu alikuwa akizivuna kila mwaka, kwenye yale mapipa matatu, na kila mwaka akirudisha nusu.

Nilikwenda Cardiff mwenyewe kwa treni. Mwezi wa Machi 2025 nilizihesabu punje 100, nikaziweka juu ya karatasi ya jikoni iliyoloa maji, karibu na birika la moto. Siku ya sita zilikuwa zimechipua 61. Nikawaotesha miche ndani, sikuitoa nje mpaka ilipofikia urefu wa kiganja, na wiki moja kabla ya kuitoa nilimwagia ardhi wale minyoo wadogo mno wanaouzwa kwa ajili ya kuwaua makoa. Hufanya kazi ardhi ikiwa imepata joto la nyuzi 5 na kuendelea, na lazima ibaki na unyevu. Miche sita niliiacha ndani ya banda la kioo, sikuichuma hata jani, kwa ajili ya mbegu tu. Kiangazi cha 2025, kwa bahati njema, kilikuwa na joto kushinda vyote vilivyowahi kupimwa nchini humu. Mwisho wa Septemba masuke yalikauka. Niliyafunika kwa mfuko wa karatasi, nikayapiga kwa fimbo ndogo, nikapepeta katika ungo ule wa Bi Mkubwa. Zilijaa vikombe viwili.

Kikombe kimoja kimerudi koponi. Cha pili nimekigawa katika bahasha 30, ziko juu ya meza iliyo karibu na birika la chai. Mlioko Uingereza, kila nyumba ichukue moja; pandeni ndani mwezi wa Aprili, toeni nje jalidi ikishapita. Mlioko Oman na Marekani, naomba msitie bahasha mikobani kwanza. Ulizeni kwenu masharti ya kuingiza mbegu, mniandikie, na tutazituma kwa njia inayostahiki. Kando ya bahasha pana daftari, kila anayechukua aandike jina lake na mji wake, ili nikipoteza tena nijue wa kumpigia.

Bahasha ya kwanza nimekwisha kumpa shemeji. Ameniambia mapipa matatu bado yapo.