NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Kufuli Tatu Kabla ya Kununua Nyumba ya Fahari

(Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)

 

Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya nyumba. Tulipoanza, mikopo yetu ilikuwa ya magunia ya maharage, ya mitumba na ya ada za watoto. Leo Kamati inapokea maombi ya aina nyingine. Mama anataka nyumba iliyokwisha kujengwa: yenye geti la chuma, vigae sakafuni, kila chumba na choo chake, na baraza inayotazama Ziwa. Si dhambi hata kidogo. Mama aliyehangaika na migomba na kahawa tangu ujana wake anastahili baraza ya kupumzikia.

Lakini tukumbuke fedha hizo ni nini. Ni akiba ya mama ya miaka kumi, na juu yake kuna mkopo wa wenzake. Zikipotea, hazipotei za mmoja.

Ninyi mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu. Hata Mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake. Huo ni ulinzi wa fedha za mkutano mmoja tu! Sasa jamani, mbona fedha za miaka kumi tunamkabidhi mtu tuliyeletewa na dalali, mbele ya shahidi mmoja, kwa maandishi ya karatasi ya daftari? Naomba nyumba nayo iwekewe kufuli tatu.

KUFULI YA KWANZA: MWENYE KUUZA

Kosa kubwa kuliko yote ni kuikagua nyumba na kumwacha muuzaji. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Mimi naongeza: wala si vigae. Nyuma ya mlango kuna watu, na hao watu ndio watakaokufuata baadaye.

Wengi hapa mnaijua kesi ya Holaria Pastory, maana ni ya kwetu Muleba. Mama huyu alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa Sh. 300,000/= kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha alishinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke katika jambo hili inapingana na Katiba. Mwanamke na mwanamume wana haki sawa.

Akina mama tunaifurahia hukumu hiyo, na tuna sababu. Lakini leo naomba tuitazame kutoka upande ambao hatuutazami: upande wa mnunuzi. Yeye alitoa fedha zake mwaka 1988. Tangu hapo shamba lake likawa linasafiri kutoka mahakama hadi mahakama. Na Jaji alipomaliza, alisema pia kwamba ardhi ya ukoo, awe ameuza mwanamume au mwanamke, ikiuzwa bila ridhaa ya wanaukoo, wao wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Ephrahim akapewa miezi sita ya kulikomboa. Yaani hata baada ya hukumu, mnunuzi alikaa miezi sita mingine akisubiri kujua kama shamba ni lake.

Hebu fikiri: kama juu ya shamba lile ungekuwa umenunua nyumba ya ghorofa!

Kwa hiyo maswali ya kwanza ni haya. Je, muuzaji aliipataje ardhi hii? Alinunua, alirithi, au alipewa? Ukiona makaburi nyuma ya migomba, ujue uko kwenye kibanja cha watu. Usimwage saruji kabla hujazungumza na ukoo. Kama mwenye nyumba amefariki, usiridhike na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hupendekeza, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Omba uione barua ya uteuzi, na warithi wengine uwaone kwa macho.

Na mke je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sisi tunaoidai sheria hiyo ikitulinda majumbani mwetu tusiwe wa kwanza kuisahau tunaponunua nyumba ya mama mwenzetu. Mwenye nyumba akikuambia, "Mke wangu yuko safarini, tumalize tu," mjibu kwa upole: "Baba, tutamngoja mama arudi."

KUFULI YA PILI: ARDHI NA KARATASI

Nyumba huiona. Ardhi iliyo chini yake huioni mpaka uulize. Na namna ya kuuliza si moja kwa mjini na kijijini.

Mjini, kama Rwamishenye, Hamugembe au Kashai, uliza kama kiwanja kimepimwa na kama kina hati. Kuonyeshwa nakala ya hati haitoshi. Chukua namba zake ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapo utajua jina la mwenye mali ni lipi, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio lolote. Uliza pia kama kodi ya ardhi imelipwa. Angalia hati ni ya miaka mingapi na imebaki mingapi, maana hati ina mwisho wake. Ukilipia ya miaka 33 iliyokaribia kwisha, ujue unachonunua.

Kijijini mambo ni mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Kuhamisha haki ya kimila kwa mtu mwingine kunahitaji kibali chake. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, aliyeupigia nyumbani kwake usiku, si kibali cha Halmashauri. Uliza kikao kilikaa lini, na muhtasari uko wapi.

Kisha tembea mipaka kwa miguu. Pale penye vipimo, tafuta mawe ya mpaka. Pale pasipo na vipimo, fuata milamula, ukiwa na majirani wa pande zote. Jirani ndiye anayejua kama mlamula ulihamishwa mwaka jana. Uliza pia njia ya gari inapita kwa nani. Nyumba ya fahari isiyo na njia ni kisiwa.

Walio na hamu ya nyumba za ufukweni, nawaomba wasikilize. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto ambazo zinalindwa. Baraza inayotazama maji ni nzuri, lakini pima kwanza.

Jambo la mwisho hapa ni jina. Ukinunua kwa fedha zako, andikisha jina lako kamili, si "Mama Fulani". Na kama mtoto aliye Ulaya au Marekani ndiye anayetuma fedha, muulize kwanza kama bado ni raia wa Tanzania, kwa kuwa asiye raia ana masharti yake katika sheria ya ardhi. Ulizeni kwa wakili kabla fedha hazijatumwa, siyo baada ya kufika.

KUFULI YA TATU: NYUMBA YENYEWE NA FEDHA

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa kwamba nyumba inaweza kuanguka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitupiga. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha, na nyumba nyingi sana zilibomoka au kupasuka. Hata majengo ya shule kubwa kama Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya mpaka ikabidi yajengwe upya.

Nyumba iliyokuwapo mwaka ule, muulize mwenyewe ilipata nini na ilitengenezwaje. Ufa unaweza kuzibwa kwa lipu na kupakwa rangi asubuhi, ukaja kuoneshwa nyumba mchana. Nyumba iliyojengwa baadaye, uliza kama ina lenta iliyozunguka nyumba nzima, nondo gani zilitumika, na msingi umesimama juu ya nini. Mtafute fundi wako au mhandisi, umlipe wewe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Na usinunue nyumba wakati wa kiangazi tu. Bukoba yetu ni ya mvua. Nenda uione mwezi Aprili, mvua ikinyesha. Dari itasema yenyewe. Kwenye sehemu za bondeni karibu na Mto Kanoni, waulize majirani maji hufika wapi mto ukifurika.

Sasa fedha. Bei ya nyumba si gharama ya nyumba. Kuna ada ya wakili, uthamini, ushuru wa stempu na gharama za kuhamisha hati. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji. Mkataba uandike wazi kwamba atailipa yeye, maana bila hiyo uhamisho utakwama nawe umekwisha kutoa fedha. Baada ya kuhamia kuna mlinzi, pampu ya maji, umeme na rangi. Nyumba kubwa ina tumbo kubwa. Anayemaliza akiba yote siku ya kununua, mwaka wa pili huanza kupangisha sebule.

Lipeni kwa benki, siyo kwa bahasha. Mkataba uandikwe na wakili wenu. Lipeni kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki mpaka uhamisho ukamilike. Muuzaji wa kweli hukubali. Anayesema "kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu", mwacheni huyo mtu aje.

PENDEKEZO

Mama Mwenyekiti, Kamati inaleta pendekezo hili mbele ya mkutano. Mkopo wa nyumba au kiwanja usitoke kabla wanachama watatu hawajashika funguo tatu. Mmoja akaone familia ya muuzaji na majirani. Wa pili akalete majibu ya upekuzi wa ardhi au muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji. Wa tatu aende na fundi. Kila mmoja aandike alichokiona na kutia sahihi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua wengine watanung'unika kwamba tunamchelewesha mwenzetu. Ni kweli, tutamchelewesha wiki chache. Lakini yule mnunuzi wa Muleba alisubiri mwaka mmoja na nusu hukumu itoke, na miezi sita juu yake. Na sisi hatutaki baada ya miaka kumi mingine mwanachama wetu asimame hapa hana nyumba wala akiba.

Akina mama, tununue nyumba nzuri. Tununue zenye baraza na zenye ziwa mbele. Lakini tuziingie kwa funguo zetu wenyewe.

Kikundi chetu hoyee!