Askari wa Mwili Wanapogeuka: Kisukari cha Watoto

Leo tunaangalia kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwili una askari wake, yaani kinga ya mwili, ambao hupigana na viini vya maradhi. Sasa fikiria mlinzi uliyemweka shambani afukuze viboko usiku, naye akashika panga akaufyeka mpunga wako. Ndivyo inavyokuwa katika ugonjwa huu. Askari hao huziona seli fulani za kongosho kuwa adui, wakaziangamiza polepole kwa miezi au hata miaka. Seli hizo ndizo zinazotengeneza insulini, ambayo huwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuupa mwili nguvu.

Kwa nini wageuke? Urithi huchangia, na baadhi ya virusi hushukiwa kuanzisha vita hivyo. Si uchawi, wala si kwa sababu mtoto amelamba sukari. Tena, utafiti wa vijana wa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili yao hawakuwa na alama za kawaida za vita hivyo katika damu. Basi huenda kwetu Afrika kuna njia nyingine pia. Hata hivyo, tiba ni ile ile: insulini.

Mzazi, dalili ni hizi: mtoto anakojoa sana, hata aliyekwisha kuacha anaanza tena kukojoa kitandani, ana kiu isiyokwisha, anakonda ingawa anakula. Akichelewa, tindikali hujaa katika damu. Atatapika, atapumua kwa nguvu na kwa haraka, na anaweza kuzimia. Hapo wengi hudhani ni malaria. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Apimwe malaria, lakini omba apimwe na sukari. Ni tone moja tu la damu ya kidole, na jibu hupatikana papo hapo.

Jambo la mwisho, usisahau. Baada ya kuanza sindano, seli chache zilizobaki hupata nafuu kwa muda, na mtoto huhitaji dawa kidogo. Wengine husema, "Amepona," wakaacha sindano au wakakimbilia mitishamba. Hajapona. Askari bado wanaendelea na kazi yao. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii hawakuishi muda mrefu. Leo wanasoma, wanaoa, wanaolewa na wanalea watoto wao, mradi wasikatize dawa.

Mweleze jirani yako uliyoyasikia. Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema.