Fizikia ya Mpemba na Chuma cha Upangwa

Walimu wapya mnaohitimu leo hapa Liganga:

Kitabu kilichonifundisha utotoni kupima hoja kilinionyesha Socrates akiuliza na Newton akilitazama tufaa. Nami sina kinyongo na wazee hao, kwani ilimu haina kabila, wala matufaa si mageni katika nchi hii ya Njombe iyalimayo. Lakini katika kurasa zile zote hamkuwamo mtu mmoja aliyefanana na mama yangu, na mtoto asomaye hivyo mwaka baada ya mwaka huamini kimoyomoyo, pasipo kuambiwa, ya kuwa kufikiri ni kazi ya wengine na fungu lake yeye ni kukariri.

Ilhali mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari hapa nchini, alitia maziwa yangali moto katika jokofu ili apate aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Akauliza sababu, akaambiwa amekosea, na baadaye akachekwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala haikumvunja moyo, hata Denis Osborne, mwalimu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipozuru shule ya Mkwawa, Iringa, hapo kwa jirani zetu, kijana akamuuliza tena mbele ya hadhara. Osborne aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 makala ikachapwa kwa majina yao wawili. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo, na mabishano hayo nayo yaingizwe darasani, kwani Mpemba hastahili kuwa pambo la jalada. Astahili kuhojiwa kama ahojiwavyo Newton.

Wala tusiende mbali. Kabla ya jembe la dukani kufika Upangwa, wahunzi wa nchi hii waliyeyusha chuma wenyewe, wakichagua mawe na kukadiria mkaa na pumzi ya mivukuto. Na kinamama wa Kikisi, huko mwambao wa Ziwa Nyasa, hutambua kwa kidole udongo utakaostahimili moto. Hizo ndizo fikra tunduizi tunazoziandika katika mitaala, nazo zina wenyewe.

Wazee waliosimuliwa kazi ile ya chuma na baba zao wangalipo. Waendeeni kabla ya muhula kuanza, na daftari mkononi, muwaulize baba zao walijuaje, pasipo kipimajoto, kwamba tanuri limeiva.