Msingi wa Wakili Hujengwa Mapema

Mwezi Oktoba 2022 habari moja ilizungumzwa nchini kote. Katika mitihani ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wananchi wengi huiita Shule ya Sheria, watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja, bila kutakiwa kurudia mtihani wowote, walikuwa 26 tu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe ili kulichunguza jambo hilo.

Maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema mitihani imekuwa migumu kupita kiasi. Wako waliovilaumu vyuo vikuu, na wengine wakaielekeza lawama kwa wanafunzi wenyewe. Bila shaka kila upande una la kujibu. Lakini liko swali moja linalomhusu hasa mwalimu na mzazi: Je, kijana yule aliandaliwaje kabla ya kuufikia mlango ule?

Yafaa kwanza ieleweke jinsi ngazi yenyewe ilivyo. Shule ya Sheria ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 2008. Haingii humo ila aliyekwisha pata shahada ya kwanza ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kufuatana na chuo. Chuo kikuu humfundisha kijana sheria ni nini. Shule ya Sheria humfundisha namna ya kuifanyia kazi: kuandika hati ya madai, kumhoji shahidi, kutunza siri na fedha za mteja, kusimama mbele ya hakimu na kueleweka. Hizo ni elimu mbili tofauti, na ya pili haisimami pasipo ya kwanza.

Hapo ndipo penye kasoro. Vijana wengi huiona shahada ya kwanza kuwa ni foleni tu ya kupita ili kuufikia uwakili. Kwa sababu hiyo huchagua masomo mepesi ili wapate alama nyingi, hukariri nukuu za mhadhiri, hukwepa mazoezi ya mahakama ya mfano, na husoma muhtasari wa hukumu badala ya hukumu yenyewe. Siku ya siku huwekewa mbele yao jalada lenye maelezo ya mteja yaliyochanganyika: la kweli na la kudhani, la jana na la miaka kumi iliyopita. Hutakiwa wachambue, waipate sheria inayohusika, kisha waandike. Nukuu zilizokaririwa haziwezi kumwokoa mtu hapo.

Katika jambo hili yapo mafunzo yanayoweza kupatikana Marekani. Nchini humo sheria kwa kawaida si shahada ya kwanza. Kijana husoma kwanza chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, somo lolote alipendalo: historia, falsafa, uchumi, hisabati, hata uhandisi. Baada ya hapo ndipo huingia katika shule ya sheria, ambako hukaa miaka mitatu. Chama cha Wanasheria cha Marekani, ambacho ndicho kinachozithibitisha shule hizo, hakipendekezi somo lolote moja kuwa ndiyo njia ya kuziingia. Kinachohimizwa ni stadi: kusoma kwa makini, kuandika kwa ufasaha, kutafiti, kufikiri kwa mpango, kusikiliza, na moyo wa kuutumikia umma. Hata kwa udaktari hali hukaribiana na hiyo. Mwombaji hudaiwa msingi wa baiolojia, kemia na fizikia, lakini shahada yake yaweza kuwa ya somo jingine.

Haina maana kwamba Tanzania iige utaratibu huo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Miaka saba ya chuo ni gharama kubwa, na nchi yenye mahitaji mengi ina sababu zake za kufupisha safari. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kwa kuwa taifa lilikuwa likielekea kwenye uhuru huku wanasheria wake wenyewe wakiwa wachache mno. Taifa lisingeweza kuwasubiri kwa miaka saba.

Lakini somo linabaki pale pale: kinachomtayarisha mtu kwa taaluma ni mazoea ya akili aliyoyajenga, wala si jina la shahada aliyonayo. Na kwa kuwa Mtanzania huamua mapema zaidi kuliko Mmarekani, mzigo wa kuyajenga mazoea hayo humwangukia mwalimu wa sekondari. Mmarekani hufikia uamuzi wa kusoma sheria akiwa mtu mzima anayemaliza au aliyekwisha hitimu shahada moja. Mtanzania huanza kuelekezwa mara tu amalizapo kidato cha nne, anapochagua tahasusi. Ushauri wa mwalimu wakati huo ni mzito kuliko anavyodhani.

Ushauri huo una mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo vitabu vingi vya sheria na hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza. Wakili wa leo hana budi kuzimudu lugha zote mbili. Mwalimu wa kidato cha tano anayesahihisha insha mstari kwa mstari anamjenga wakili. Yule anayeipokea insha iliyonakiliwa, akaipa alama ili mambo yaishe, anauacha ufa. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta.

La pili ni uchaguzi ndani ya chuo chenyewe. Mwanafunzi ahimizwe kuchagua masomo yanayomkaza: taratibu za mashauri, ushahidi, uandishi wa hati. Asome hukumu nzima. Ashiriki mahakama ya mfano hata kama atashindwa. Ajitolee katika msaada wa sheria kwa wananchi, maana huko ndiko atakakojifunza kuwa shauri halianzi na kifungu cha sheria. Huanza na mtu mwenye shida.

La tatu ni ukweli kwamba mlango wa pili waweza usifunguke. Kijana achague shahada ambayo itakuwa na thamani mikononi mwake hata asipokuwa wakili. Elimu ya sheria ina kazi katika ushirika, katika masuala ya ardhi, katika utawala na katika uandishi wa habari. Na yule ambaye moyo wake uko katika hesabu au kilimo asisukumwe kwenye sheria kwa sababu tu cheo cha wakili kinaipendeza familia.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Wengi wao husomeshwa kwa mikopo ya Serikali, ambayo ni fedha ya umma; wengine kwa ng'ombe aliyeuzwa na mzazi. Zaidi ya hayo yuko mwananchi anayemngoja wakili huyo. Mjane anayedai shamba la marehemu mumewe hajui kutofautisha hati nzuri na mbaya. Shauri lake likitupwa kwa sababu hati iliandikwa ovyo, wakili atakwenda kwa mteja mwingine. Mjane atarudi nyumbani bila shamba.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne atakapomjia mwalimu na kusema, "Nataka kuwa wakili," asijibiwe kwa kupewa majina ya tahasusi peke yake. Aulizwe anasoma nini, anaandika nini, na yuko tayari kumtumikia nani. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama msingi umekwisha anza kujengwa.