Kabla ya Kununua Maikrofoni Mpya
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Lushoto



Viazi, kabichi, karoti na matunda ya Usambara huuzwa katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mara nyingi bei hukubaliwa kabla gari halijateremka kona za Soni kuelekea Mombo, na baadhi yenu huzungumza na wanunuzi kwa kompyuta, kupitia intaneti. Hapo sauti mbovu huweza kuwa hasara. Tamkeni "sitini", kisha "tisini": tofauti yake ni kupishana kwa s na t tu. Nguvu ya s imo katika mitetemo ya juu, ilhali simu ya kawaida ya tangu zamani hupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde. Sauti ikififia, gunia la elfu tisini huweza kusikika kuwa la elfu sitini.

Mtu akiambiwa hasikiki, hukimbilia kununua maikrofoni mpya au bando kubwa zaidi. Ushauri wetu ni mmoja: tambueni kwanza kasoro iko wapi, ndipo mtoe fedha.

Jaribio lake halina gharama. Zima intaneti, fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo katika kompyuta, sema kwa nusu dakika, kisha jisikilize. Sauti ikiwa mbaya, kasoro iko mezani pako. Ikiwa safi, kasoro iko njiani au kwa unayezungumza naye.

Kasoro ikiwa mezani, tazama mipangilio ya sauti. Huenda kompyuta inatumia maikrofoni yake ya ndani, iliyo karibu na feni na kibodi, badala ya ile uliyochomeka. Sauti ikipasuka, punguza kiwango cha maikrofoni. Ikiwa hafifu, kiongeze, nawe uisogelee hadi kiasi cha shubiri moja. Hedifoni za Bluetooth nyingi hushusha ubora wa sauti mara maikrofoni yake inapotumika. Jaribu za waya. Tazama pia ncha ya waya: yenye mistari miwili kwa kawaida ni ya kusikilizia tu, yenye maikrofoni huwa na mitatu. Mwenzako akisikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe, mara nyingi spika zako ndizo zinazomrudishia, vaa hedifoni. Na mvua ikipiga juu ya bati, hamia chumba chenye dari, mapazia au matandiko.

Kasoro ikiwa njiani, kumbuka kwamba mazungumzo ya sauti hayahitaji data nyingi. Huhitaji mtandao uliotulia. Kwa hiyo bando kubwa pekee si dawa. Bondeni, mlima huweza kuukinga mnara. Sogea dirishani au panda penye uwazi. Zima kamera, simamisha upakuaji mwingine, kisha jaribu tena saa nyingine. Andika tarehe, saa na mahali kila sauti inapokatika. Kumbukumbu hiyo ndiyo nguvu ya lalamiko lako: lipeleke kwanza kwa mtoa huduma, na usiporidhika, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ikithibitika kwamba kifaa ni kibovu, kijaribu kipya dukani kabla ya kulipa, nawe udai risiti na kuitunza. Ukishuku kuwa umeuziwa bidhaa bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani.

Mwisho, hata sauti ikiwa safi, msiache bei itegemee masikio peke yake. Itajeni kwa tarakimu, "tisa, sifuri", mwombeni mnunuzi airudie, kisha mtumieni kwa maandishi kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.