Vitamutamu vya Sufuria: Neno kwa Ndugu Wasiojua Kuoka

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, na kuchapwa humu kwa ombi la wanaukoo



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, uso kwa uso, sisi ambao bahari na mipaka vimetutenga. Wako miongoni mwetu waliotoka Muscat na Dubai, wako waliotoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na wako waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Scotland. Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya meza yetu ya vitamutamu. Najua wapo watakaosema moyoni kwamba hilo ni jambo dogo. Naomba mnivumilie, kwani mimi sioni kuwa ni dogo.

Meza ile iliyo karibu na mlango ndiyo inayoujaza mfuko wetu wa maziko. Kila mwaka jamaa wananunua, majirani na rafiki zetu wa hapa Uingereza wananunua, na kila pauni inayopatikana huingia katika mfuko huo. Mtu wetu akifariki ugenini, hatumwachi mjane wake ashike simu aombe huku na huku. Hayo mmeyaona kwa macho yenu, wala sina haja ya kutaja majina. Basi meza ikipungua, mfuko nao unapungua. Na mfuko ukipungua, iko siku tutabisha mlango wa wafiwa tukiwa mikono mitupu.

Na meza inapungua. Mimi ndiye mshika daftari wa meza hii kwa miaka mingi, na daftari halina upendeleo. Zamani sahani zilitoka karibu katika kila nyumba. Mwaka jana zilitoka katika nyumba tano tu, na waliozileta ni mama zetu wale wale, ambao magoti yao hayawaruhusu tena kusimama jikoni tangu alfajiri. Nimewauliza wengine, mmoja mmoja na kwa faragha, kwa nini hawaleti kitu. Jibu limekuwa moja: "Mimi sijui kuoka."

Lau mambo yangeishia hapo, ningenyamaza. Lakini yuko ndugu yetu mmoja aliyefiwa na mkewe. Mwaka wa kwanza baada ya msiba alikuja hapa, akaweka noti ya pauni 20 chini ya kopo la fedha, akatoka kabla ya chakula. Nilimfuata hadi kwenye gari. Akaniambia, "Dada, naona haya kuja mikono mitupu." Tangu siku ile hajakanyaga tena. Jamaa zangu, meza tuliyoiweka ili ituunganishe imeanza kuwafukuza watu wetu. Hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu.

Sasa nisemeni mnavyotaka: mimi mwenyewe sijui kuoka. Oveni ya nyumbani kwangu, kama za wengi wenu, ni kabati la masufuria. Wala sioni haya, kwa sababu bibi zetu nao hawakuwa na oveni. Walipikia mafiga matatu au jiko la makaa. Walipotaka mkate wa kumimina, waliweka makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya kifuniko, wakaupalia moto mpaka ukaiva juu na chini. Na vingi katika vitamutamu vya pwani yetu havikuhitaji hata hilo. Kashata, labania, ubuyu, visheti na kaimati, vyote ni vya sufuria au karai. Kwa hiyo asiyejua kuoka asidhani kwamba amekosa urithi wa ukoo huu. Urithi wenyewe umo katika sufuria.

Nitataja vitu vinne, nikianza na kile ambacho hata moto hakiutaki.

Cha kwanza ni tende za lozi. Chukua tende laini, upasue kila moja ubavuni, utoe kokwa, na mahali pake utie lozi moja iliyokaangwa. Ifinye ifunge, kisha uigaragaze katika nazi kavu au ufuta. Kazi hii mtoto wa miaka saba anaiweza akiwa ameketi mkekani. Yule ndugu yetu niliyemtaja nimempigia simu nikamweleza namna ya kuzifanya. Hakuniahidi kuja, aliniuliza tu anunue tende za aina gani. Nami nimemjibu kwamba zozote laini zinafaa, na kwamba kiti chake kipo.

Cha pili ni tende za biskuti, ambazo jamaa zetu wa Ghuba wanazijua sana. Yeyusha siagi gramu 100 kwa moto mdogo, utie tende gramu 500 zilizotolewa kokwa, uzisonge kwa mwiko mpaka ziwe bonge moja laini. Epua, utie iliki kidogo na biskuti za chai gramu 200 zilizovunjwavunjwa vipande vidogo. Msizisage zikawa unga, kwani raha ya kitu hiki ni ile biskuti inayolia menoni. Finyanga mfano wa mchi, ugaragaze katika ufuta, uzungushie karatasi na kutia katika friji muda wa saa mbili. Kisha ukate vipande vya unene wa kidole. Anayekutazama hatajua kwamba hukuwasha oveni.

Cha tatu ni kashata za nazi. Vipimo ni hivi: sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, nazi iliyokunwa vikombe 2, iliki nusu kijiko cha chai na chumvi chembe. Nazi mbichi ikikosekana, nazi kavu ya pakiti inafaa, mradi uilowanishe kwa vijiko vichache vya maziwa ya uvuguvugu kwa robo saa. Chemsha sukari na maji, na sukari ikisha kuyeyuka usikoroge tena. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na siri yake ni bakuli la maji baridi. Dondosha humo tone la shira. Likitawanyika, bado. Likijikusanya likawa donge laini linalobonyea kati ya vidole, shira imefika. Mwenye kipimajoto ataona nyuzi 115 hivi za Selsiasi. Hapo tia nazi na iliki, ukoroge mpaka mchanganyiko uachane na kuta za sufuria. Mimina katika sinia lililopakwa mafuta, utandaze, na ukate ingali moto, kwa sababu ikipoa itavunjika ovyo. Ukiona imebaki laini na inanata, usiitupe. Irudishe motoni dakika chache, kwani kilichopungua ni moto tu.

Cha nne ni kashata za njugu, au karanga kama wasemavyo ndugu zetu wa bara. Yeyusha sukari kikombe 1 bila maji, katika sufuria nzito na kwa moto mdogo, mpaka igeuke rangi ya asali iliyokoza. Usiiache mpaka itoe moshi, maana itakuwa chungu. Tia njugu kikombe 1 na nusu zilizokaangwa na kumenywa, ukoroge upesi, umimine, usawazishe kwa mwiko uliopakwa mafuta, na ukate papo hapo.

Katika kashata hizi mbili nina onyo. Sukari iliyoyeyuka ina joto kupita maji yanayochemka, na ikigusa ngozi huganda pale pale. Watoto wakae mbali na jiko. Mtu akiungua, aweke mahali hapo chini ya maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Siagi na dawa ya meno ziacheni mahali pake.

Halua sikuitaja, na si kwa kuisahau. Halua hutaka kukorogwa kwa muda mrefu na mkono usiochoka, na wenyewe tunawajua. Hiyo tunawaachia.

Tazameni sasa faida ya vitu hivi vinne. Keki yenye krimu hutaka kupikwa jana na kubebwa kama yai. Kashata zikitiwa katika kopo lenye kifuniko kinachobana hukaa wiki nzima, kwa hiyo anayefanya zamu ya usiku hospitalini au kiwandani anaweza kupika Jumatatu kwa ajili ya Jumamosi. Atakayekuja kwa treni atazitia mfukoni na zitafika zikiwa nzima.

Naomba pia tuwe waangalifu katika kufunga na kuuza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, sheria ya hapa Uingereza inawataka wenye maduka wanaofunga chakula pale pale wanapokiuza waandike viungo vyote juu ya kifungu, na wavikoze vile vinavyohesabiwa katika orodha ya vitu 14 vyenye kudhuru baadhi ya watu. Katika orodha hiyo zimo njugu, lozi na jamii yake, ufuta, maziwa, mayai na ngano. Sisi hatuna duka, lakini wako watoto, hata katika ukoo huu, ambao chembe ya njugu yaweza kuwaziba pumzi. Kwa hiyo kila kifungu kiwe na kikaratasi chenye jina la kitu na vyote vilivyomo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nazi haimo katika ile orodha, lakini iandikeni vilevile. Penye njugu pawe na sinia lake, kisu chake na ncha yake ya meza, mbali na vinginevyo.

Juu ya bei, miaka ya kukaa na daftari imenifunza mambo mawili. Kwanza, fungeni vipande vinne vinne na muuze kwa pauni 1 kamili; kutafuta chenji ndiko kunakofanya foleni ikatike. Pili, mgeni hanunui asichokijua. Wekeni sahani ndogo ya vipande vya kuonja, na mtu wa kueleza. Nimeona mara nyingi jirani aliyekuja kwa adabu tu akionja kashata moja, kisha akaondoka na vifungu vitatu.

Sasa nina maombi matatu kwenu.

La kwanza: kila nyumba ilete sinia moja, hata liwe dogo namna gani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sitapima sahani ya mtu, wala sitaandika katika daftari nani kaleta kingi na nani kaleta kichache. Nitaandika jumla tu.

La pili: asiyeweza hata kusogelea jiko, kazi ipo. Kuna kufunga, kuna kuandika vikaratasi, kuna kubeba meza, kuna kusimama na kuuza. Kina baba, haya nayasema nikiwatazama ninyi. Hakuna aliyezaliwa akijua kupasua tende, na hakuna mila iliyowakataza.

La tatu ni kwa vijana wetu, na hili ndilo zito zaidi. Mama zetu watano niliowataja hawakuwahi kupima kitu kwa kikombe. Wanapima kwa jicho na kiganja. Nendeni mkakae nao jikoni. Bibi akisema, "Tia mpaka uone inatosha," mshike mkono kwa heshima, mimina kilichomo kiganjani mwake katika kikombe, uangalie kimefika wapi, uandike. Fanya hivyo kwa sukari, kwa iliki, kwa nazi. Ni kazi ya alasiri moja. Tukiiahirisha, tutakuja kujua kwamba tulizoea kuagiza kashata kwa mtu ambaye hayupo tena, na hapana miongoni mwetu aliyewahi kumuuliza anaanzaje.

Ndugu zangu, tulitawanyika kwa sababu nyingi. Wako walioondoka baada ya 1964, wako waliofuata masomo, wako waliofuata kazi. Hatuwezi tena kukaa uwanja mmoja. Lakini mara moja kwa mwaka tunaweza kuweka mikono yetu juu ya meza moja, na mkono uliopasua tende si mdogo kuliko mkono uliooka keki ya ghorofa tatu. Mfuko wa maziko hauulizi pauni ilitoka katika oveni au katika sufuria.

Karatasi ya majina iko karibu na mlango, pamoja na kalamu. Kwa kila jina chagueni kitu kimoja tu katika vile vinne, au kazi moja katika zile nilizozitaja. Anayetaka kujaribu kashata kabla ya siku yenyewe aje nyumbani kwangu Jumapili yoyote baada ya saa nane mchana. Sukari nitatoa mimi, nazi aje nayo.

Mungu atuweke hai tukutane tena mwakani, na meza yetu isipate mahali pa kuweka sahani nyingine.