AJALI HAINA KINGA, LAKINI KICHWA KINA KINGA
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Mombasa)



Leo nataka kusema juu ya kofia ngumu ya baiskeli, iitwayo helmeti. Najua wengine mtacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwenzetu mmoja, tuliyekuwa tukiunga mabehewa pamoja, alinunua kofia hiyo. Tukamwita "askari wa zimamoto", na wa kwanza kumwita hivyo ni mimi. Kwa haya akaiacha nyumbani. Siku moja, katika kichochoro cha Mji wa Kale, mkokoteni ulitokea pembeni ghafula. Akaanguka, kichwa kikagonga kizingiti cha jiwe. Hakufa, Mungu ashukuriwe, lakini mpaka leo husahau ishara, na kazi yetu haiwezi tena. Mkewe ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza mahamri.

Je, sababu zetu ni zipi? Kwanza, twasema joto. Kweli, basi chagua kofia yenye matundu. Pili, safari ni fupi. Toka Makupa hata Ngomeni si mbali, lakini jiwe halimwulizi mtu ametoka wapi. Tatu, ajali haina kinga. Naam, lakini kichwa kina kinga. Kazini twavaa kofia ngumu bila haya. Mbona njiani twaona haya?

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 Lawrence, askari mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki akafa kwa jeraha la kichwa. Daktari Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomtibu. Mwaka 1941 daktari huyo aliandika kuonyesha jinsi kofia ilivyowaokoa wapanda pikipiki. Ile ya baiskeli ni nyepesi zaidi, lakini kazi yake ni hiyo hiyo: povu gumu la ndani hubonyea, nalo hupunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye fuvu. Kwa hiyo ishuke mpaka juu ya nyusi, na ukanda ufungwe. Ikisha kupata pigo kubwa, itupwe.

Sisemi kofia yazuia lori. Breki na taa ni lazima, na dereva mzembe abaki na lawama yake.

Naomba kamati ikusanye michango kidogo kidogo, tununue kwa pamoja tupate bei nafuu. Na mwanachama wa kwanza atakayeivaa, tafadhalini, asichekwe.